Hatua za Darubini

Watu wengi waliosikia habari za darubini bila kupata kuitumia hudhani kwamba ubora wake wote umo katika ukubwa. Huuliza hukuza mara ngapi, huuliza ina urefu gani, huuliza na bei yake. Lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza jinsi inavyosawazishwa hata taswira ikawa kali. Nami nataka kukueleza, msomaji, habari za sehemu hiyo isiyoulizwa. Ni kibomba kifupi kilicho ubavuni mwa darubini, kinachobeba lenzi ya jicho, na kinachosogea ndani na nje kwa kuzungushwa kifundo. Kifundo hicho nilikiondoa, na mahali pake nikatia mota. Kazi yenyewe ni ndogo ukiitazama kwa nje. Yaliyotokana nayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Tuko Isiolo, mahali ambapo nyanda kavu za kaskazini ya Kenya huanzia. Mji huu uko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mstari wa Ikweta hupita kusini yake kwa umbali usiofika kilomita 50. Miezi mingi ya mwaka mvua hainyeshi, na usiku ukiingia nyota hutoka kwa wingi ambao mtu wa mji mkubwa hausadiki. Kwa kuwa tu karibu na Ikweta, Nyota ya Kaskazini hukaa chini kabisa penye upeo wa macho, na nyota zote, za kaskazini na za kusini, hupita mbele yetu katika mzunguko wa mwaka. Upendeleo ambao mkazi wa London hana. Waborana, ambao ni miongoni mwa wenyeji wa nchi hii, wana kalenda ya mwezi na nyota, yenye siku 27 ambazo kila moja ina jina lake. Wajuzi wa kalenda hiyo, waitwao ayyantu, huangalia safari ya mwezi ukilinganishwa na Kilimia na nyota nyingine chache, wala hawana chombo ila macho yao. Neno hilo la macho ulishike, kwa maana tutalirudia.

Darubini tuliyo nayo shuleni ni ya kioo. Kioo chake kilichobonyea kina upana wa milimita 114, nacho hukusanya miale ya mwanga na kuikutanisha umbali wa milimita 900 mbele yake. Mahali pa makutano hayo huitwa fokasi. Kioo kidogo cha bapa, karibu na mdomo wa bomba, huigeuza miale kando, na lenzi ya jicho huitazama taswira iliyofanyika hapo kama vile mtu atazamavyo mwandiko mdogo kwa lenzi ya mkono. Umbo hili lilibuniwa na Isaac Newton mwaka 1668, na halijabadilika sana.

Lenzi ya jicho ikiwa karibu mno au mbali mno na fokasi, taswira huwa kama kitu kilichotumbukia katika maziwa. Je, nafasi iliyopo ya kukosea ni kubwa kiasi gani? Hesabu ya mwanga ina jawabu. Gawanya 900 kwa 114, upate karibu 8. Zidisha 8 kwa 8, zidisha tena kwa 4, kisha uzidishe kwa urefu wa wimbi la mwanga wa kijani, ambao ni kiasi cha milimita 0.00055. Jawabu ni milimita 0.14. Hiyo ndiyo nafasi yote ambamo taswira hubaki kali: unene wa karatasi moja na nusu za daftari. Kifundo cha darubini yetu, kikizungushwa mara moja kamili, husogeza kibomba milimita 20. Basi mtu atakaye kusimama sawasawa ndani ya nafasi hiyo hana budi kukizungusha kifundo kwa sehemu moja tu ya 140 ya mzunguko, nacho ni kigumu kwa sababu grisi yake imechanganyika na vumbi la Isiolo.

Ugumu wa pili ni mtetemo. Lenzi yetu ndogo, ya milimita 10, hukuza vitu mara 90, na pamoja nao hukuza kila tetemeko la mkono mara hizo hizo. Ukigusa kifundo, sayari hucheza kama punje katika ungo. Ukikiachia, hungoja sekunde tatu au nne kabla haijatulia. Na ilipotulia unagundua kuwa umekwisha kuipita fokasi. Huna budi kugusa tena. Upepo wa hapa, ambao hauombi ruhusa, huongeza yake.

Ugumu wa tatu ulikuwa mzito kuliko hiyo miwili, maana ulitoka kwa watu. Chama chetu cha sayansi kina wanafunzi 38. Usiku wa kutazama anga husimama katika mstari mmoja nyuma ya darubini, na kila mmoja hupewa dakika yake. Macho ya watu hayafanani, na fokasi iliyo sawa kwa wa kwanza si lazima iwe sawa kwa wa pili. Ilikuwa haki ya kila mmoja kukizungusha kifundo mpaka aipate taswira yake. Lakini akizungushaye huitikisa darubini, na aghalabu huitoa sayari nje ya lenzi, hata mwalimu aitwe kuja kuitafuta upya. Kwa hiyo walizoea kutokigusa. Mwanafunzi huinama, hutazama, husimama.

"Umeona?"

"Nimeona, mwalimu."

"Umeona nini?"

"Nimeona vizuri, mwalimu."

Jawabu hili lina adabu nyingi na habari chache. Mtoto aliyelelewa vyema haoni njia ya kumwambia mwalimu wake, mbele ya wenzake wanaongoja upepo ukiwapiga, kwamba chombo kilichosifiwa muhula mzima kinaonyesha ukungu mtupu. Husema ameona, akampisha mwenziwe. Wala si hapa kwetu tu. Susan Murabana na Chu Owen, waanzilishi wa The Travelling Telescope, wamezungusha darubini katika shule nyingi za Kenya, na mstari mrefu mbele ya lenzi moja ni sura ambayo kila mwenye kazi hiyo anaijua. Ukitaka kujua mwanafunzi ameona nini hasa, sharti umpe njia ya kuitafuta taswira yake mwenyewe bila kumharibia anayemfuata.

Dawa nayo si ngeni. Galileo, mwaka 1610, alisogeza bomba ndani ya bomba kwa mkono wake, na hata hivyo akaiona miezi minne ya Mshtarii. Darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021 kutoka Kourou katika Guyana ya Kifaransa, iko kilomita kama milioni moja na nusu kutoka duniani, ambako mkono wa mtu haufiki. Vioo vyake 18 vya mbele pamoja na kioo chake cha pili husogezwa na viendeshi vidogo 132 vyenye mota, na mapema mwaka 2022 wataalamu waliviamrisha kwa redio, kidogo kidogo, mpaka nyota moja iliyoonekana kama nyota 18 ikarudi kuwa moja. Nilijiambia kwamba kama mota 132 zimefanya kazi huko, mota moja haitashindwa na kifundo changu.

Mota yenyewe ni ya namna iitwayo mota ya hatua. Mota ya kawaida, kama ile ya feni, ukiipa umeme huzunguka mpaka uukate, wala haijui imezunguka kiasi gani. Mota ya hatua ina koili nne. Umeme ukipitishwa katika koili hizo kwa zamu, mhimili huruka hatua moja na kusimama. Niliyotumia inajulikana kwa jina la 28BYJ-48, nayo huenda kwa umeme wa volti 5. Ndani yake hatua 32 hufanya mzunguko mmoja, kisha gia hupunguza mwendo huo karibu mara 64, hata mhimili wa nje ukahitaji hatua 2,048 ili uzunguke mara moja. Huuzwa pamoja na kibao chake cha kuigawia umeme, kwa bei isiyopita sana ya kilo tatu za sukari. Sasa fanya hesabu, msomaji. Milimita 20 kwa hatua 2,048 ni karibu sehemu moja ya mia ya milimita kwa kila hatua. Nafasi ya fokasi ni milimita 0.14, yaani hatua 14. Nilipoipata hesabu hii juu ya karatasi nilijua kuwa kazi inawezekana, hata kabla sijashika bisibisi.

Mhimili wa mota una unene wa milimita 5 na umekatwa bapa pande mbili. Mhimili wa kifundo ni wa mviringo na ni mnene zaidi. Haja ya kuviunga hivi viwili ndiyo iliyonipeleka kwa fundi wa pikipiki mjini. Nilikuwa nimechora pete ya shaba ya kukerezwa, yenye vipimo vyote. Fundi aliitazama karatasi yangu kwa heshima, akanirudishia.

"Hii shaba, mwalimu, utaifuata Nairobi. Hapa chukua mpira wa petroli."

Akakata kipande cha mpira ule unaopeleka petroli kutoka tangi hadi kabureta, kirefu kama kidole gumba, akausukuma mhimili mmoja upande huu na wa pili upande huu, akakaza kwa vibano viwili. Mpira ulikuwa bora kuliko shaba yangu kwa jambo moja: mihimili miwili isiyoelekeana sawasawa haikwaruzani, kwa kuwa mpira hukubali kupinda kidogo. Nilimwuliza kama utadumu.

"Utadumu mpaka ulegee," alinijibu, akarudi kwenye pikipiki yake.

Mengine hayana maneno mengi. Kishikizo cha mota nilikipinda kutoka kipande cha alumini ya madirisha. Ubongo wa mashine ni kibao kidogo cha Arduino, ambacho hutiwa programu ya mistari michache: kitufe kimoja cha kusogeza lenzi ndani, kimoja cha kuisogeza nje, na kijioo cha tarakimu nne kinachoonyesha idadi ya hatua tangu mwisho wa ndani. Vitufe viko mwishoni mwa waya mrefu, ili mkono wa mtazamaji uwe mbali na darubini. Umeme hutoka katika betri ya pikipiki ya volti 12, ukapunguzwa na chaja ya simu ya gari hadi volti 5. Programu hukata umeme wa koili kila mota isimamapo, kwa sababu koili zikiachwa na umeme hupata moto bure, na gia peke yake zina uzito wa kutosha kukizuia kibomba kisisogee.

Nitakaa kidogo juu ya tatizo moja, kwa kuwa ndilo lililonifungulia mlango wa jambo lililofuata. Gia za mota hii ni ndogo, na baina ya meno yake mna nafasi. Ukiiamuru igeuze mwendo, huhesabu hatua kadhaa za bure kabla kibomba hakijaanza kusogea. Kwa kupima nilipata kama 30. Hatua 30 za bure ni zaidi ya mara mbili ya nafasi yote ya fokasi. Ina maana kwamba namba katika kijioo cha tarakimu husema jambo moja ukitokea nje, na jambo jingine ukitokea ndani. Dawa yake ni ya kale, na kila fundi wa kukereza chuma anaijua: fikia pale unapopataka kwa kutokea upande ule ule siku zote. Niliandika katika programu kwamba kila mtazamaji aanzie hatua ya 1,200, ambayo iko nje mno hata jicho lolote lisione ila ukungu, kisha aje ndani polepole, asimame mara taswira inapokuwa kali. Akiipita, kitufe cha pili kinamrudisha 1,200 aanze tena.

Nilipokuwa nikichagua upande wa kuanzia, nje au ndani, nilikumbuka somo la macho nililofundishwa chuoni. Jicho la kijana lina nguvu ya kujikaza. Likipewa miale inayotawanyika, hujibana na kuisawazisha lenyewe, na mwenyewe asijue. Lenzi ya darubini ikiwa ndani mno, miale hutoka ikitawanyika, na jicho la kijana huweza kuificha kasoro hiyo kwa kujikaza. Lenzi ikiwa nje mno, miale hutoka ikikusanyika, na hapo jicho halina la kufanya, kwa sababu haliwezi kulegea kupita kulegea. Kwa hiyo mtu akija kutoka nje kwenda ndani na kusimama penye ukali wa kwanza, jicho lake limesimama likiwa limepumzika. Wapimaji wa macho nao huanza na ukungu kwa sababu hiyo hiyo. Kanuni moja ilitibu gia na macho pamoja, na tangu hapo nilielewa kwamba zile tarakimu nne hazikuwa za darubini peke yake.

Mwishoni mwa Septemba 2025, mwezi ulipokuwa nusu, tulifanya jaribio la kwanza na chama kizima. Tulitumia lenzi ya milimita 25, ambayo hukuza mara 36, tukaielekeza penye mstari unaotenga mwanga na giza la mwezi, ambako vivuli vya mashimo ni virefu na kingo zake ni kali. Kila mwanafunzi alikuja, akabonyeza kitufe mpaka aliporidhika, akaondoa mkono, na msaidizi akaandika namba. Niliagiza yaandikwe nambari za wanafunzi katika daftari la chama, yasiandikwe majina. Nawajua watoto, na namba yoyote isiyofanana na ya wengine hugeuka utani kabla ya asubuhi.

Wavulana wawili walisimama penye 1,200 yenyewe, hawakubonyeza hata mara moja, wakasema wameona vizuri. Mstari mzima ulicheka, nao wakacheka, wakarudi nyuma kuanza upya. Adabu ile ya zamani ilikuwa imepata kipimo chake.

Wengi wao walisimama baina ya 860 na 940. Mmoja alisimama penye 830. Kisha akaja msichana wa kidato cha pili, mtulivu, ambaye katika mihula miwili aliyokuwa nasi hakuwa ameuliza swali lolote juu ya anga. Alibonyeza akapita 900. Akapita 800. Waliokuwa karibu walianza kunong'ona kwamba ameharibu mashine. Nikawaambia wanyamaze. Alisimama penye 690, akaondoa mkono, akakaa ameinama muda mrefu kuliko dakika yake, na hakuna aliyemhimiza. Nilimwomba arudi 1,200 aje tena. Mara ya pili alisimama penye 694, mara ya tatu penye 688.

Aliposimama wima hakusema "nimeona vizuri." Aliuliza kwa sauti ndogo:

"Mwalimu, wenzangu huona vitu hivi kila siku? Vikiwa na kingo?"

Ripoti alizokuja nazo kutoka shule ya msingi zilimtaja kuwa mtoto mzito wa kuelewa. Darasani hukaa dawati la mbele, na kazi ya ubaoni huinakili kutoka daftari la jirani yake kwa utaratibu, pamoja na makosa ya jirani.

Hesabu yake ni hii. Chukua urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho kwa milimita, uuzidishe kwa wenyewe, ugawanye kwa 1,000. Unapata milimita ambazo lenzi sharti isogee kwa kila dayopta moja ya kasoro ya mtazamaji. Mara 25 ya 25 ni 625, na jawabu ni milimita 0.625, yaani hatua 64 za mota yetu. Msichana alikuwa hatua 210 ndani ya kawaida ya wenzake. 210 kwa 64 ni dayopta 3 na robo. Jicho la namna hiyo huona wazi mpaka umbali wa sentimita 30 tu. Daftari lililo mkononi huonekana. Ubao ulio mita tatu mbele ni weusi wenye ukungu mweupe juu yake.

Naomba unielewe vizuri hapa. Darubini si mashine ya hospitali, wala mwalimu si daktari. Hupima jicho moja kwa wakati mmoja, haijui jicho lenye mikunjo isiyo sawa, haijui maradhi yaliyo nyuma ya mboni, na mwanafunzi asiye na subira anaweza kusimama popote. Mtu atakayegawa miwani kwa kutumia hesabu yangu atafanya dhuluma. Namba ile ilitosha kwa jambo moja, nalo ni kumpeleka mtoto kwa mwenye ujuzi.

Hata hilo halikuwa jepesi. Mama yake huuza maziwa ya ngamia sokoni, biashara ambayo wanawake wa Isiolo wameijenga kwa mikono yao na inayojulikana hadi Nairobi. Nilimkuta baina ya madumu yake, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu kama mtu anayemsahihisha kijana asiyejua.

"Mwalimu, mtoto huyu hutunga shanga usiku kwa taa ndogo. Shanga ambazo mimi siwezi kuziona, yeye huzipitisha uzi. Utaniambiaje macho yake ni mabovu?"

"Mama, hizo shanga ziko wapi anapozitunga? Si hapa, karibu na pua?"

Alifikiri. Akainua mkono wake, akaushika mbele ya uso kama ashikavyo binti yake, akaupima umbali ule kwa macho. Kisha akauliza swali la pili, ambalo ndilo lililokuwa zito: kwamba msichana akivaa miwani mapema, macho hayazoei na kuzidi kuharibika? Imani hii ipo mahali pengi, hata mijini. Nilimweleza nijualo, kwamba miwani iliyopimwa sawa haidhoofishi jicho, lakini sikutaka neno langu liwe la mwisho. Nilimwomba amsikie mwenyewe mpimaji. Alikubali kwenda siku isiyo ya soko kubwa, na alikwenda. Mpimaji alipata dayopta 3 na nusu kwa jicho la kulia, lile alilolitumia penye darubini, na 3 kwa la kushoto. Kwa hiyo mota ya bei ya kilo tatu za sukari ilikuwa imepunguza robo.

Yule mvulana wa 830 naye alipelekwa. Hatua 70 ni dayopta 1 na kidogo, na wazazi wake bado wanazungumza kama inafaa kumnunulia miwani au kumhamishia dawati la mbele. Hawajaniuliza, nami nawaachia.

Miwani ya msichana ilifika kabla muhula haujafungwa mwezi Oktoba. Mwezi wa angani haukuwapo jioni zile, lakini Zohali alikuwa juu, na alikuwa na habari yake mwaka huo. Tarehe 23 Machi 2025 dunia yetu ilikuwa imepita katika bapa la pete zake, jambo linalotokea kila baada ya miaka 15 hivi, na kwa muda wa miezi pete hizo, zinazojulikana kwa upana wake katika kila kitabu, zilionekana kwetu kwa ukingo tu, kama uzi uliopitishwa katikati ya ushanga. Ukikosea fokasi hatua 20, uzi huo hupotea, na Zohali hubaki duara lisilo na kitu.

Kwanza tulirudi kwenye lenzi ya milimita 25 na nyota moja angavu, ili tupate namba yake mpya. Akiwa na miwani usoni alianzia 1,200, akaja ndani, akasimama penye 898. Wenzake walipiga makofi. Nilitaka kuandika, lakini alinizuia kwa mkono, akarudi 1,200 akaja tena. Safari hii akapata 911. Akarudia. Ikawa 926.

"Mwalimu, usiandike," alisema. "Nyota ni ile ile na mimi ni yule yule. Kinachobadilika ni hiki." Akaonyesha mota.

Tuliwasha tochi. Joto la mchana lilikuwa limeulegeza mpira wa petroli, na kila mota iliporudi nje, mhimili uliteleza kidogo ndani yake. Kwa wengine wote tofauti hiyo ilipita bila kutambuliwa, kwa sababu walitazama mara moja tu. Alishika tochi nami nikakaza vibano. Akajaribu mara tatu, akapata 899, 901 na 899. Ndipo tukafungua ukurasa mpya wa daftari, akaandika namba yake ya kwanza juu kabisa, na wengine wakapanga mstari.